Usimpe mtu paswadi ya postgres, mpe kofia yake

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne na dakika arobaini asubuhi, nakumbuka vizuri kwa sababu ndo kwanza nilikuwa nimeletewa chapati mbili na supu pale kibandani nje ya ofisi. Simu ikaita. Keshia. "Kaka njoo uone, kila mwanachama nikimfungua naona kalipa elfu arobaini na tano." Nikamwambia labda skrini imeganda, zima uwashe. Akasema kashawasha mara mbili. Supu nikaiacha inavuta moshi.

Hii ni saccos moja ya pale Morogoro ambayo sitaitaja, wakati ule nilikuwa ndo mtu wa kompyuta pale, yani wa printa, wa intaneti, wa seva, wa kila kitu chenye waya. Data zao zote zilikuwa kwenye PostgreSQL, yani programu ya kutunza databesi, kwenye seva moja iliyokaa chini ya meza ya mhasibu. Nimefika nikaandika amri ya kuhesabu, nikakuta marejesho yote ya mikopo, mistari 11,382 toka mfumo uanze, yote yana kiasi kimoja: 45,000. Aliyerejesha laki tatu mwaka juzi, 45,000. Aliyerejesha elfu kumi jana yake, 45,000.

Ukishafanya kazi na databesi unajua hapo hapo kilichotokea. Mtu alitaka kurekebisha risiti moja iliyokosewa, akafungua pgAdmin, ile programu ya kuingilia PostgreSQL toka kwenye laptopu, akaandika

UPDATE marejesho SET kiasi = 45000;

akasahau WHERE, lile neno la kutaja ni mistari ipi ibadilishwe. Na pgAdmin ukiiacha ilivyokuja haikuulizi mara mbili, ukibonyeza inakomiti papo hapo, hamna cha kurudi nyuma. Ikamjibu UPDATE 11382, sijui hata kama aliisoma.

Data tulizirudisha, namshukuru Mungu kulikuwa na bakapu ya saa nane usiku, tukairudisha ile afu yale ya asubuhi tukayaingiza upya kwa mkono toka kwenye vitabu vya risiti, yalikuwa 37 tu, saa saba mchana keshia anahudumia watu kama kawaida. Hiyo sehemu ilikuwa rahisi.

Ngumu ilikuja jioni. Meneja akatuita akauliza swali moja tu: nani kafanya hivi?

Nikaenda kwenye logi za seva, zile kumbukumbu inazojiandikia yenyewe. Sasa kama hujui, PostgreSQL ukiiacha kama ilivyo, kwenye logi inaandika saa na namba ya mchakato, jina la yuza haliandiki, na amri zenyewe za kubadili data haiziandiki kabisa. Na hata ingeandika isingesaidia kitu, kwa sababu wote tulikuwa tunaingia kwa jina moja, postgres, yule yuza mkuu mwenye uwezo wa kila kitu. Laptopu tatu zilikuwa na pgAdmin: ya mhasibu, ya afisa mikopo, na moja ya mwanafunzi wa fildi aliyekuwa na wiki ya tano pale. Mhasibu akasema sio mimi. Afisa mikopo akasema sio mimi. Mwanafunzi akasema sio mimi. Kesho yake mwanafunzi akaambiwa asije tena, fomu yake ya fildi ikarudishwa chuoni na maneno ambayo sipendi kuyarudia.

Mpaka leo sijui nani aliandika ile amri. Na aliyeweka paswadi ya postgres kwenye laptopu zote tatu ni mimi.

Ndo maana nikisikia watu wanaongelea mambo ya ruhusa na haki za kuingia kwenye mfumo kana kwamba ni habari ya kuwazuia wezi tu, huwa nacheka kidogo. Wezi wapo, sawa. Ila mi niliyemuona akiumia ni kijana wa watu ambaye hakuwa na njia ya kujitetea, kwa sababu mi nilitengeneza mfumo ambao watu wote wana sura moja. Ukimpa kila mtu jina lake na mipaka yake, siku mambo yakiharibika wale wasiohusika wanalala usingizi.

Basi nilichofanya baada ya pale nakuelezea, na makosa niliyofanya njiani nayo nakupa.

Kwanza niliacha kompyuta. Nilichukua daftari la kaunta nikakaa na kila mtu nusu saa namuuliza we asubuhi ukifika unafanya nini, afu unafanya nini, mpaka jioni. Sikumuuliza "unataka kuona nini kwenye mfumo", hilo swali usiulize kamwe, ukimuuliza mtu anataka kuona nini atakwambia vyote. Muulize kazi. Keshia anapokea pesa, anaandika marejesho, anatoa risiti, anahitaji kuona jina la mwanachama na salio lake. Basi. Hahitaji namba ya simu ya mtu, hahitaji namba ya NIDA, hahitaji kujua nani kamdhamini nani.

Na hapa ndo nilijifunza kitu kutoka kwa mhasibu wetu, mama mmoja wa miaka hamsini na kitu ambaye Excel yenyewe anaishika kwa mashaka. Nilimwambia nampa keshia ruhusa ya kuingiza, kubadili na kufuta ili akikosea arekebishe mwenyewe. Akanitazama. "Mwanangu, kwenye kitabu cha fedha we umewahi kuona ufutio?" Kwenye uhasibu ukikosea hufuti, unaandika ingizo lingine la kugeuza lile la kwanza, afu unaandika lililo sahihi, yote matatu yanabaki pale mkaguzi ayaone. Kwa hiyo keshia hahitaji DELETE. Hahitaji hata UPDATE. Anahitaji kusoma na kuongeza, mwisho wa habari. Yani ile ajali ya 45,000 isingewezekana kabisa kwa mtu yeyote pale kama ningeenda kumuuliza huyu mama mapema, mi nilikuwa nahangaika na vitabu vya kompyuta wakati jibu lilikuwa juu ya ile meza yenye seva.

Sasa majina. Kwenye PostgreSQL yuza na kundi la mayuza ni kitu kimoja, kinaitwa role, na ilianza hivyo toleo la 8.1 mwaka 2005. Tofauti yao ni kwamba wengine wana LOGIN, yani ruhusa ya kuingia, wengine hawana. Mi naziita kofia, kwa sababu hata mtaani tunasema fulani ana kofia mbili, ni mwenyekiti wa mtaa na ni mzee wa kanisa. Kofia haiingii kwenye mfumo yenyewe, inavaliwa na mtu. Unatengeneza kofia, kofia unaipa ruhusa (SELECT ni kusoma, INSERT ni kuongeza), afu mtu unamvisha kofia:

CREATE ROLE kofia_keshia NOLOGIN;
GRANT SELECT, INSERT ON marejesho TO kofia_keshia;
GRANT SELECT (namba, jina, salio) ON wanachama TO kofia_keshia;
CREATE ROLE asha LOGIN;
GRANT kofia_keshia TO asha;

Ona Asha mwenyewe hana ruhusa hata moja mkononi. Akihamia idara ya mikopo unamvua hii unamvisha ile, amri mbili, sekunde kumi. Mi zamani nilikuwa nampa mtu ruhusa moja moja kwa jina lake, mara jedwali hili mara lile, baada ya mwaka ukiniuliza huyu anaweza nini ilibidi nikae nusu siku nasoma. Kama umeshafanya hivyo usijilaumu, sote tumepita huko, ila anza kuhamisha.

Paswadi ya Asha usiiandike kwenye ile amri. Ingia psql, lile dirisha la kuandikia amri za PostgreSQL, uandike \password asha, itakuuliza kwa siri na itakayofika kwenye seva ni ile iliyokwisha kusagwa isisomeke. Nasema hivi kwa sababu ukishawasha logi za amri kama nitakavyokwambia mbele, paswadi uliyoiandika ndani ya CREATE ROLE inakaa kwenye logi wazi kabisa, mtu anaisoma kama anasoma gazeti. Yashanikuta.

Ule mstari wa wanachama wenye safu tatu kwenye mabano unastahili kusimamiwa kidogo, maana watu wengi hawajui kama inawezekana kumpa mtu safu baadhi tu za jedwali. Inawezekana, ila ina vituko viwili. Cha kwanza, akiandika SELECT *, yani nipe safu zote, itakataa, itamwambia hana ruhusa, kwa hiyo kama programu yenu imejaa nyota kila mahali itakufa siku hiyo hiyo na simu zitaita. Cha pili, kama mtu ulishampa SELECT ya jedwali zima, kumnyang'anya safu moja hakufanyi kitu, amri inapita vizuri bila kelele na bado anaona. Lazima unyang'anye ya jedwali zima kwanza ndo umpe zile safu. Mi nilikaa wiki mbili naamini nimeficha namba za simu za watu kumbe zinaonekana vile vile. Na siku hizi hili sio la hiari, hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wao wana yao toka 2019, kwa hiyo ukiwa na daftari la wanachama lenye simu na vitambulisho na kila mfagizi anaweza kulifungua, we ndo una kesi.

Kitu kingine kitakachokusumbua siku ya kwanza: umempa keshia INSERT, kila kitu kiko sawa, anajaribu kuingiza risiti anaambiwa hana ruhusa kwenye sequence. Utajikuna kichwa. Kama namba ya mstari inajiongeza kwa mtindo wa zamani wa serial, ile mashine ya kutoa namba ni kitu kinachojitegemea na ina ruhusa zake, unatakiwa umpe USAGE, ruhusa ya kuitumia, juu yake. Ukitumia ule mtindo mpya wa identity usumbufu huu haupo. Ndo sababu watu wengi wakifika hapo wanachoka wanampa mtu GRANT ALL, ruhusa zote, wanaenda kula. Usichoke hapo.

Na majedwali ya kesho je? Ruhusa ulizotoa leo ni za majedwali yaliyopo leo. Mwezi ujao mkiongeza jedwali la akiba za watoto hakuna atakayeliona. Kuna amri ya ALTER DEFAULT PRIVILEGES ya kusema kuanzia sasa kila jedwali jipya litakalozaliwa kofia fulani ilisome, nzuri sana, ila inahusu majedwali yatakayotengenezwa na yule yule uliyemtaja, na usipomtaja mtu ni we ulieiandika. Mi niliiandika nikiwa postgres, programu ikawa inatengeneza majedwali kwa jina lingine, nikawa nashangaa mbona haifanyi kazi, nikailaumu PostgreSQL bure.

Afu kuna huyu mtu anaitwa PUBLIC. PUBLIC ni kila mtu. Kabla ya toleo la 15 lililotoka 2022, kila aliyeweza kuingia kwenye databesi aliweza pia kutengeneza majedwali yake ndani ya skima ya public, yani kile chumba cha majedwali kinachokuja na databesi, kama vile kila anayeingia sebuleni kwako ana haki ya kuleta kitanda. Toka 15 wameiondoa. Lakini, na hapa ndo watu wanajidanganya, kama databesi yako ilizaliwa kwenye 12 na ukaipandisha mpaka 15 au ukairudisha toka kwenye bakapu, inakuja na ruhusa zake za zamani. Kuwa na toleo jipya hakukusaidii. Andika REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC, mara moja, imeisha.

Sasa nikwambie kilichoniuma zaidi. Wiki ya tatu ya ukarabati huu nikafika kwenye faili la pg_hba.conf, lile linalosema nani anaruhusiwa kugonga hodi toka wapi na anathibitishwaje. Linasomwa toka juu kushuka chini, mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndo unaoamua, iliyo chini haisomwi tena. Mstari wa juu kabisa ulikuwa huu:

host all all 192.168.1.0/24 trust

Trust maana yake mwamini, usimuulize paswadi. Niliuandika mimi mwenyewe siku ya kwanza kabisa ya kufunga mfumo, programu ilikuwa inagoma kuunganika nikasema ngoja nijaribu hivi, ikakubali, nikasahau. Kwa hiyo zile paswadi nilizokuwa naziweka kwenye laptopu kwa kujificha zilikuwa mapambo. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye wifi ya ofisi, na wifi ile tulikuwa tunawapa mpaka wanachama waliokaa foleni, angeweza kuingia kama postgres bila kuulizwa chochote. Wakati sisi tumekaa kikao tukahesabu watuhumiwa watatu.

Nilienda kwa meneja nikamwambia. Hakufurahi, ila chuoni ilipigwa simu na barua nyingine ikaandikwa. Kijana alishamaliza fildi yake sehemu nyingine. Sikuwahi kupata ujasiri wa kumpigia mwenyewe.

Mstari ule sasa ni scram-sha-256, yani paswadi lazima na haipiti wazi, unataja databesi moja, na anwani za kompyuta za ofisini tu, wageni wana wifi yao pembeni. Na logi nimeziwasha hivi: log_connections iwe on, log_statement iwe mod ambayo inaandika kila kinachobadili kitu na kuacha kusoma kusoma, na log_line_prefix niliongeza %u ambayo ndo jina la yuza. Herufi mbili tu hizo, alama ya asilimia na u. Zingekuwepo Jumanne ile, na kila mtu angekuwa na jina lake, kikao kingechukua dakika tano.

Hapo mtu atauliza, sasa sisi programu yetu inaingia kwenye databesi kwa yuza mmoja tu, watu wana logini zao ndani ya programu, tufanyeje? Ni kweli mifumo mingi iko hivyo na yetu ilikuwa hivyo pia. Basi logi ya databesi itakuonyesha jina la programu tu, kwa hiyo ndani ya kila jedwali la fedha hakikisha programu inaandika nani kaingiza na saa ngapi. Na huyo yuza wa programu asiwe mmiliki wa majedwali. Mmiliki hawezi kuzuiwa, anaweza kulifuta jedwali lake lote, na hata ukiweka zile sera za mistari za kwamba tawi la Kilosa lisione wateja wa tawi la Ifakara, ambazo zipo toka toleo la 9.5, mmiliki zinampita tu mpaka umlazimishe kwa FORCE. Weka mmiliki mmoja asiyeingia, na programu iwe mgeni aliyepewa ruhusa anazohitaji.

Mambo ya amri yanaishia hapo na kusema kweli ndo sehemu nyepesi. Watu ndo wagumu.

Mwenyekiti wa bodi alisikia kuna mambo ya kupanga nani aone nini, akaja ofisini na fimbo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. "Kijana, nasikia umenifungia mlango." Nikasema hapana mzee wangu, kila mtu anapewa ufunguo wa chumba chake. Akasema yeye hana chumba, yeye ana nyumba. Nimekutana na hili kila mahali nilipoenda baadae, bosi anaona kutokuwa na ruhusa zote ni kushushwa cheo, na ukianza kumuelezea mambo ya usalama wa data anakuona unamfundisha kazi. Nilichomwambia yule mzee ni hiki: siku pesa zikipotea polisi wataanza na mwenye ufunguo unaofungua vyumba vyote, na kwenye karatasi yangu hapa mzee naona ni wewe na mimi. Akakaa kimya. Akaniuliza, "Na wewe umebaki nao?" Nikasema ndio. Akasema, "Basi ubaki nao mwenyewe." Nikamuwekea kofia ya kusoma ripoti, mpaka naondoka pale aliingia mara mbili.

Swali lake lile la kwamba na wewe umebaki nao lilinifanya nijitazame. Kwa hiyo na mimi nikajigawa mara mbili, kuna jina langu la kila siku ambalo lina ruhusa ya kusoma tu, na kuna la utawala ambalo naingia nikiwa na kazi maalumu, nikimaliza natoka. Inachosha. Nakubali inachosha, kuna siku natoka naingia mara sita. Lakini nami nimewahi kusahau WHERE, sio mara moja, tofauti ni kwamba safari hii iliniambia permission denied na nikacheka peke yangu.

Kingine ni likizo. Keshia anaenda likizo ya uzazi, afisa mikopo anamshikia, unamvisha kofia ya keshia juu ya ile yake. Keshia anarudi. Nani anamvua afisa mikopo ile kofia? Hakuna, kwa sababu hakuna anayelalamika kuwa na ruhusa nyingi, mtu hulalamika akinyimwa tu. Niliwahi kukuta sehemu nyingine jamaa ana miaka minne kazini na kofia zimempanda kichwani kama muuza kofia wa Kariakoo, anaandika maombi ya mkopo, anaidhinisha, na anatoa pesa, vyote yeye. Hakuwa mwizi. Ila hamna mtu aliyewahi kukaa chini akaamua kwamba huyu apewe hayo yote, yalijikusanya tu. Anayeomba na anayeidhinisha wasiwe mtu mmoja, hilo ushirika wanalijua toka enzi za makaratasi, ndo maana kuna kamati ya mikopo, we usije ukalivunja kwa sababu tu kompyuta inakubali. Dawa yangu ni kwamba Jumatatu ya kwanza ya mwezi nafungua \du (toka toleo la 16 kofia za mtu zinaonekana kwa \drg) naangalia nani ana nini, na \dp inanionyesha kila jedwali na herufi zake, r ni kusoma, a ni kuongeza, w ni kubadili, d ni kufuta. Nikiona w au d mbele ya kofia ya keshia najua kuna mtu alichoka akampa ALL. Dakika kumi na tano, naprinti, meneja anasaini. Ile saini ndo inafanya na yeye aangalie.

Wakaguzi wa nje wakija wanataka kuona vyote, na wana haki. Toka toleo la 14 kuna kofia imeshatengenezwa tayari inaitwa pg_read_all_data, unamvisha mkaguzi anasoma kila kitu hagusi chochote. Unamuwekea na VALID UNTIL na tarehe. Ila jua ile tarehe ni ya paswadi tu, ikifika hataweza kuingia upya, lakini kama alishaingia na hajatoka anaendelea.

Na hilo ndo linanileta kwenye mtu anayeachishwa kazi. Akiachishwa saa kumi jioni, saa kumi hiyo hiyo uandike ALTER ROLE jina NOLOGIN, na usiishie hapo, maana kama laptopu yake bado imeunganika NOLOGIN haimtoi, inamzuia kurudi tu. Tazama kwenye pg_stat_activity, orodha ya waliounganika, kama yupo, umkate kwa pg_terminate_backend. Mpangilio ni huo, kwanza funga mlango ndo umtoe, ukifanya kinyume anarudi. Jina lake usilifute hata ukitamani, kwanza kama ana vitu anavyomiliki DROP ROLE itakukatalia, pili mwaka kesho mkaguzi akiuliza huyu aliyeandika hapa ni nani unataka jina liwepo.

Mafolda ya kawaida yale ya kushea nayasema kwa kifupi maana hadithi ni ile ile. Chmod ni amri ya Linux ya kupanga ruhusa za mafaili, na chmod 777 ni trust ya mafaili. Saba ni nne ya kusoma, mbili ya kuandika, moja ya kuendesha, na saba ya tatu ni ya kila mtu duniani aliyefika pale. Tengeneza makundi ya Linux kwa majina yale yale ya kofia, folda ya mikopo iwe 2770 ya kundi la mikopo, ile mbili ya mbele inafanya faili jipya lirithi kundi la folda, vinginevyo kila atakayehifadhi kitu wenzake hawataweza kukirekebisha na utapigiwa simu.

La mwisho ni we mwenyewe ukikosekana. Ukishakuwa peke yako ndo mwenye ufunguo mkuu, malaria moja inatosha kuifunga saccos. Mi niliiandika paswadi ya utawala kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha, meneja na mwenyekiti wakasaini juu ya gundi, ikawekwa kwenye sefu pamoja na hati za kiwanja. Ikifunguliwa inaandikwa kwenye kitabu, na nikirudi nabadilisha paswadi naweka bahasha nyingine. Mwaka uliofuata kweli nikalazwa siku nne, dripu mkononi, diski ya seva ikajaa, ikabidi fundi wa nje aingie. Simu ikaita, mwenyekiti mwenyewe.

"Kijana, pole sana. Tumefungua bahasha mbele ya meneja, tumesaini. Sasa hiki ulichoandika hapa cha tano, ni sifuri au ni herufi O?"

Nikamwambia jaribuni sifuri. Haikuwa sifuri. Siku hizi karatasi ya bahasha naichapa kwa herufi kubwa, na paswadi yake haina sifuri, haina O, haina moja, haina l ndogo.